Jua la Mikindani na Chupa ya Shilingi 45,000

Haya niliyasema Mikindani, Mtwara, mwezi Oktoba, kwenye kikao cha vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa. Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Baadhi ya waliokuwepo waliniomba niyaandike ili wayasome kwa utulivu, na wasiokuwepo nao wayapate. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mtaa, shehe wetu, mchungaji, wazee wangu mliokaa mbele, akina mama wenzangu, na ninyi vijana mliosimama nyuma kwa kukosa viti: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote hamjambo.

Kabla sijaanza naomba jambo moja. Tokeni chini ya mwembe, hatua tano tu, msimame juani. Wazee msijisumbue, mtatazama vya wenzenu. Kila mmoja aangalie chini, atafute kivuli chake.

Mmekiona? Kimejikunja miguuni, hata hakitoshi kumfunika kuku. Sasa hivi ni saa tano na nusu, na wiki hii jua linapita juu ya utosi wetu hasa. Hapa kwetu hupita hivyo mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 20 Oktoba, na tena karibu na tarehe 22 Februari. Hata mwezi Juni, linapokwenda mbali kabisa upande wa kaskazini, kivuli chako cha adhuhuri hakizidi theluthi mbili za kimo chako. Haya, rudini mkae. Kivuli hicho kikumbukeni, tutakihitaji.

Nimekuja kwa sababu ya chupa. Mwezi uliopita binti mmoja alinijia nyumbani na chupa ya vidonge vya vitamini D. Aliinunua shilingi 45,000 kwa mtu anayepita nyumba kwa nyumba na begi, na fedha hiyo aliikopa kwenye kikundi. Aliambiwa mtoto wake wa miaka mitano asipomeza vidonge hivyo mifupa yake haitakomaa. Nikamuuliza, "Mwanangu, huyo mtoto hushinda wapi?" Akanijibu, "Pwani, bibi. Hushinda na wenzake wanafukuza kaa, hata kula mpaka nimwite." Nikaishika ile chupa mkononi na moyo ukaniuma. Mtoto anayeshinda pwani ya Mikindani ameuziwa jua, na mama yake atalilipa kwa riba.

Sisemi vidonge ni uongo. Vidonge ni dawa ya kweli, na yupo wa kupewa. Ila kwanza tujue vitamini D hutoka wapi.

Ngozi yenu ina mafuta ya asili ndani yake. Mionzi ya urujuanimno ya jua ikiyapiga, yanageuka na kuwa vitamini D. Hiyo husafiri kwa damu hadi kwenye ini, ini hulibadilisha umbo lake, kisha figo hulikamilisha. Hapo ndipo inapoweza kuufungulia mlango utumbo uchukue kalsiamu kutoka kwenye chakula na kuipeleka kwenye mifupa. Asiye na vitamini D ya kutosha anaweza kula kalsiamu na sehemu kubwa ikapita tu. Mtoto akikua katika hali hiyo mifupa hubaki laini, akisimama miguu inapinda. Ndiyo matege. Mtu mzima naye huumwa mifupa, na misuli ya mapaja humlegea hata kuinuka kwenye kigoda ikawa kazi.

Wazungu waliligundua hili kwa njia mbili karibu wakati mmoja. Mwaka 1919 huko London, daktari Edward Mellanby alionyesha kuwa mbwa waliofugwa ndani na kulishwa nafaka walipata matege, na waliopewa mafuta ya ini la samaki hawakupata. Mwaka huohuo, Berlin, daktari Kurt Huldschinsky aliwamulika watoto wenye matege kwa taa ya mionzi ya urujuanimno, nao wakapona. Mmoja alitumia mafuta, mwingine mwanga, na ugonjwa ni uleule. Kwa hiyo anayewaambia kuwa vitamini ya chupa ni bora kuliko ya jua, au ya jua ni bora kuliko ya chupa, mwambieni kitu ni kimoja, na swali ni nani amekosa na kwa nini amekosa.

Sasa kile kivuli. Mionzi inayotengeneza vitamini D hushuka vizuri jua likiwa juu. Likiwa limelala upande, hupita katika hewa ndefu na mionzi hiyo hupotea njiani. Kwa hiyo kipimo ni chepesi: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, ngozi inatengeneza vitamini D vizuri. Kikiwa kirefu kuliko wewe, inatengeneza kidogo sana. Kwetu mwezi huu kivuli kinakuwa kifupi kuanzia saa tatu na dakika chache asubuhi hadi saa tisa alasiri. Juni inabidi usubiri mpaka kama saa nne na robo.

Najua hili litawashtua akina mama, kwa sababu sote tumefundishwa kumwotesha mtoto jua la saa moja asubuhi. Nami nimelifundisha kliniki miaka mingi. Jua la saa moja ni zuri kwa mtoto, linampa joto na mama anapata hewa, lakini kivuli cha saa moja ni kirefu kama mnazi. Vitamini D ya hapo ni kidogo mno. Mtoto mchanga usimweke kwenye jua kali la mchana, ngozi yake ni changa. Saa tatu na nusu au saa nne, dakika chache, kichwa kimefunikwa na miguu wazi, ukiwa umempakata wewe mwenyewe, yatosha. Akishaanza kutambaa na kukimbia mwenyewe, wala hamhitaji kuhesabu dakika.

Kuna anayeniuliza kwa macho: na sisi weusi je? Ni kweli, ngozi nyeusi ina rangi inayozuia sehemu ya mionzi hiyo, nasi tunahitaji muda mrefu juani kuliko mtu mweupe, mara kadhaa zaidi. Ndiyo maana ndugu zetu walioko Uingereza hupata shida. London mwezi Desemba, saa sita mchana, kivuli cha mtu ni karibu mara nne ya kimo chake. Serikali yao huwashauri watu wote wameze IU 400 kila siku majira ya baridi (IU ni kipimo cha vitamini kinachoandikwa kwenye chupa), na wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Huo ni ushauri mzuri kwa mtu wa London. Umeletwa huku umefungwa kwenye begi na kuuzwa kwa mtu wa Mikindani, ambaye kivuli chake kinafichwa na kandambili.

Hapa nchini kwetu wamepimwa Wamasai na Wahadzabe, watu wanaoishi maisha ya asili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Damu yao ilikuwa na wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita, na madaktari wengi huridhika na 50. Hawamezi kidonge chochote, na Wamasai huvaa shuka na hukaa kivulini wakipata nafasi. Basi mwanamke wa Naliendele anayeokota korosho tangu saa mbili hadi saa nane, mikono wazi na miguu wazi, hahitaji mtu wa kumuuzia jua. Mvuvi wa Msanga Mkuu hahitaji. Anayefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi hahitaji.

Sasa nakuja kwa wanaohitaji, na hapa naomba tusikilizane, maana wapo kati yetu.

Wa kwanza ni mjukuu wangu mwenyewe. Anaishi Dar es Salaam, ghorofa ya nne. Mama yake huenda kazini alfajiri, dada wa kazi ameambiwa asimtoe mtoto nje kwa kuogopa magari. Sebule ina madirisha makubwa ya vioo, jua linaingia mpaka kwenye kochi, na sote tulidhani mtoto anapata jua. Mionzi ya vitamini D haipiti kwenye kioo. Inabaki nje, ingawa joto na mwanga vinaingia. Alipofika mwaka na miezi minane nikaona vifundo vya mikono vimevimba na miguu inaanza kupinda. Alipimwa, akapewa matone ya vitamini D na kalsiamu, na miguu inanyooka mpaka sasa. Kwa mtoto yule, chupa ilikuwa rehema. Nami siwezi kusimama mbele yenu nikaidharau chupa.

Wengine ni wazee wangu hawa wa mbele. Umri ukisogea, ngozi huwa nyembamba na hutengeneza vitamini D kidogo hata ukikaa juani sawasawa na kijana. Juu ya hapo wazee tunakaa barazani, kivulini, kwa sababu ndiko kunakofaa kukaa. Mzee asiyetoka ndani kabisa, aliyelala kitandani au aliyewahi kuanguka, huyo mpelekeni zahanati aangaliwe, kidonge kinaweza kumfaa.

Kuna akina mama na mabinti wanaojisitiri mwili wote. Shehe wangu, nazungumza kwa heshima, na nilikuomba ruhusa kabla. Bibi zetu walijisitiri vilevile na mifupa yao ilikuwa madhubuti, kwa sababu nyumba zao zilikuwa na uani. Mwanamke alipika uani, alianika mchele uani, alisukana nywele uani, mikono na kichwa wazi bila jicho la mtu baki. Nyumba tunazojenga leo zina vigae na vioo, jiko liko ndani, uani hamna. Ukijenga, acha uani. Hata ua wa makuti unatosha. Hili nalisema pia kwa wanaomtunza mwali ndani kwa wiki nyingi, na mzazi anayekaa arobaini: mtoeni uani, mchana, kidogo kila siku.

Wanaomeza dawa za kifafa kama fenitoini na fenobabitoni, na wanaotumia rifampisini ya kifua kikuu, dawa hizo humaliza vitamini D mwilini haraka. Msiache dawa hata siku moja. Mwulizeni daktari tu.

Na watoto wetu wenye ualbino. Ngozi isiyo na rangi hutengeneza vitamini D upesi sana, kwa hiyo zile dakika chache anazotembea kutoka nyumbani hadi chini ya mti, hizo zinamtosha. Asiambiwe na mtu yeyote kwamba akae juani apate vitamini. Jua linaloniponya mimi linamletea yeye saratani ya ngozi, nami nimewaona wakifa nayo wakiwa vijana. Kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua kila siku. Hospitali ya KCMC kule Moshi wanatengeneza mafuta hayo mahsusi kwa ajili yao. Ulizeni hospitalini namna ya kuyapata. Walimu mliopo hapa, mtoto huyo asisimamishwe juani wakati wa mstarini. Nawaomba sana.

Mtoto anayenyonya tu nimemgusa. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo, na nchi nyingi humpa mtoto matone ya IU 400 kila siku. Hiyo si sababu ya kumwachisha. Mtoe nje kama nilivyoeleza, na kama haiwezekani, ulizeni matone kliniki.

Wajawazito: Shirika la Afya Duniani halishauri kila mjamzito apewe vitamini D. Linashauri madini ya chuma na foliki asidi. Yaani ile FEFO mnayopewa kliniki, mnayoificha chini ya godoro kwa sababu inawapa kichefuchefu. Mezeni FEFO. Anayeacha FEFO ya bure akanunua vitamini D ya begi ametupa kilicho chake.

Basi mtu akiambiwa na daktari ameze, ameze kiasi gani? Mtu mzima anahitaji IU 600 kwa siku kutoka popote, aliyepita miaka 70 IU 800. Mtu mzima asivuke IU 4,000 kwa siku bila daktari. Someni maandishi kwenye chupa. Wengine huandika mikrogramu: mikrogramu 1 ni IU 40, kwa hiyo mikrogramu 25 ni IU 1,000. Na kuna vidonge vya IU 50,000, ambavyo daktari huandika kimoja kwa wiki kwa mtu aliyepungukiwa sana. Namjua mzee mmoja aliyetumiwa vidonge hivyo na mwanawe kutoka nje, akameza kimoja kila siku kama miezi mitatu, kwa kuamini kwamba kingi ni bora. Akaanza kutapika, kiu isiyokatika, mkojo kila saa, choo kikafunga, mwishoni akawa anawasahau majina wanawe. Kalsiamu ilikuwa imejaa kwenye damu na figo zikaanza kuumia. Alipona, namshukuru Mungu. Jua haliwezi kumfanyia mtu hivyo. Vitamini ikishatosha, ngozi yenyewe huigeuza ile ziada kuwa kitu kisichodhuru. Chupa haina breki hiyo.

Wanaowaambia pia kwamba vitamini D inazuia saratani, moyo, na kila ugonjwa: jambo hilo limejaribiwa. Marekani waliwafuatilia watu 25,871, nusu wakimeza IU 2,000 kila siku kwa miaka. Matokeo yalianza kutoka mwaka 2018: saratani haikupungua, wala magonjwa ya moyo na kiharusi. Baadaye wakaangalia na kuvunjika mifupa, nako hakukupungua kwa watu wale wa kawaida. Dar es Salaam nako walijaribu kwa watu 4,000 wanaoishi na virusi vya UKIMWI walioanza dawa, ambao vitamini D yao ilikuwa chini. Vidonge havikupunguza vifo wala kifua kikuu. Mwenye begi hatawaambia hayo.

Nina jambo moja limebaki, na ndilo lililoninyanyua kitandani asubuhi.

Nilipokuwa msichana, mwaka wangu wa tatu kazini, nilipangiwa zahanati ya huko juu kwenye uwanda wa Makonde. Akaja mama mmoja na mtoto wa miaka miwili na nusu, matege makubwa, hajaweza kutembea. Alikuja na mama mkwe wake. Yule mama mkwe akasema mbele ya foleni nzima, "Amembemenda mtoto. Hakuweza kujizuia." Mnalijua neno hilo na uzito wake: eti mama alilala na mwanamume mtoto akiwa bado ananyonya, ndiyo mtoto akadhoofika. Yule mama aliinamisha kichwa. Na mimi, mwenye sare nyeupe, niliyetakiwa kusema, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nami nililisikia nyumbani kwetu tangu utotoni na nusu ya moyo wangu ililiamini. Nikampa vitamini za siku zile, nikamwambia amwoteshe jua. Baadaye nikasikia ameachika.

Mtoto yule alikuwa akibebwa shambani kila siku. Jua alikuwa nalo. Nilikuja kuelewa miaka mingi baadaye, niliposoma utafiti wa Nigeria uliochapishwa mwaka 1999. Watoto 123 wenye matege, katika nchi ya jua kama yetu, waligawanywa: wengine vitamini D peke yake, wengine kalsiamu, wengine vyote viwili. Waliopata kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopata vitamini D peke yake. Vitamini D walikuwa nayo. Chakula chao ndicho kilichokosa kitu cha kujengea. Mlango uko wazi na hakuna mzigo wa kupitisha.

Nikakumbuka yule mama alivyonijibu nilipomuuliza mtoto anakula nini. Uji wa makopa, yaani mihogo mikavu, asubuhi, ugali wa makopa jioni, na mboga ya majani. Samaki hufika mara chache, tena mchuzi hupewa mtoto na minofu hupewa baba.

Akina mama, zile 45,000 nunueni dagaa. Dagaa wakavu, waliwe wazima na mifupa yake, maana kalsiamu iko kwenye mifupa. Mtoto mdogo msagieni unga wa dagaa, kijiko kwenye uji. Vibua wana mafuta, nao wana vitamini D yenyewe, pamoja na kiini cha yai. Ufuta tunaulima sisi, Lindi na Mtwara, magunia yanapanda malori, na watoto wetu hawauonji. Kaangeni kidogo, twangeni, wekeni kwenye uji. Uyoga wa masika mkiuanika juani, mikunjo ikitazama juu, nao hutengeneza vitamini D kama ngozi. Maziwa kwa anayeyapata.

Na mtoto akichelewa kutembea, tusimtazame mama yake kwa jicho lile. Akina baba na mama wakwe mliopo, nawasihi. Mtoto huyo ana ugonjwa wa mifupa, unatibika akiwahishwa, na mama yake hana kosa.

Yule binti wa chupa yupo hapa na ameniruhusu niseme. Chupa haijafunguliwa. Mwenyekiti amekubali kumwita muuzaji arudishe fedha, na mhasibu wa kikundi ameahidi riba ya mkopo ule isubiri mpaka jambo hilo liishe.

Mimi nitakaa pale kwenye meza ndogo mpaka saa nane. Mwenye mtoto ambaye miguu inamtia wasiwasi aje naye, na kadi ya kliniki kama ipo. Mwenye chupa nyumbani aende akailete, tuisome maandishi yake pamoja. Wazee mtaanza ninyi, msipange foleni.